Meseji ya maneno saba iliyopeleka gari geti lisilo lake

#1 MgumuWaPasua

Wakuu habari za jioni, na wakubwa wangu shikamooni.

Niko Moshi, nakaa Pasua. Mlima Kilimanjaro niliujua kwa mabega kabla ya kuujua kwa kompyuta. Nilianza nikiwa mgumu, yaani mpagazi, nikabeba mizigo misimu sita, nikawa msaidizi wa mpishi, na sasa nipo ofisini kwenye kampuni moja ya kupandisha wageni. Kazi yangu ni mipango: nani anapanda lini, njia ipi, wagumu wangapi, gari lipi linapeleka na lipi linapokea. Kutwa nzima nasoma meseji na kuandika meseji, na ni huko ndiko nilikopata somo ambalo darasani sikulipata.

Ilikuwa wakati wa vuli. Tulikuwa na kundi linalopanda kwa njia ya Machame. Usiku wa kwenda kileleni mgeni mmoja akazidiwa kambi ya Barafu, juu ya mita 4,600. Kichwa kinamgonga, anatapika, akisimama anayumba. Mlimani dawa ya kwanza ni kushuka, kwa hiyo mwongozaji hakusubiri kukuche, akaanza kumshusha na wagumu wanne. Kabla hawajaondoka alinipigia, mtandao ukakatika katikati, lakini nilichokihitaji nilikuwa nimeshakisikia. Nikamtumia dereva meseji, na mpaka leo naikumbuka neno kwa neno:

"Mgeni hali mbaya anashuka gari iwahi getini."

Maneno saba. Ndani yake hakuna uongo wala kosa la herufi. Dereva alikuwa mpya, ana wiki ya pili kazini. Siku chache kabla yeye ndiye aliyewapeleka watu haohao geti la Machame, na kwake yeye geti lilikuwa hilo. Aliamka usiku, akaendesha, akafika mapema, akaegesha na kusubiri kwenye ukungu. Alifanya kila nilichomwandikia.

Sasa, anayepanda kwa Machame hashukii Machame. Anashukia Mweka. Aliyekaa mlimani hata msimu mmoja analijua hilo, na ndiyo sababu hasa sikuliandika. Nilikuwa nalijua mno. Kichwani mwangu neno "geti" lilikuwa limeshavaa jina lake, sikuona kwamba kwenye simu ya mwenzangu limefika uchi.

Walimfikisha Mweka kama saa nne asubuhi, kwenye ile machela ya gurudumu moja, mvua inanyesha. Gari hakuna. Na kutoka geti la Machame mpaka la Mweka ni mzunguko mrefu kwa gari: unateremka mpaka barabara kuu ya Arusha, unaingia Moshi mjini, unapanda tena upande mwingine. Wakati wote huo mgeni amelazwa kibarazani. Kijana mmoja mgumu, mtoto wa Kibosho kama mimi, alivua sweta lake akamfunika mgeni miguu, yeye akabaki na singlendi, amejikunyata, mikono kwapani, mpaka gari lilipofika. Mgeni alipona, maana kule kushuka tu kulikuwa kumeshamrudishia uhai, na hospitali ikamalizia. Yule kijana aliugua kifua wiki nzima. Nilikwenda kumwona kwao, nikamwomba radhi. Hakuelewa ninaomba radhi ya nini, kwa sababu kwake tatizo lilikuwa gari kuchelewa. Ilibidi nimsimulie meseji.

Leo ningeiandika hivi: "Nenda geti la MWEKA, si Machame. Mgeni mmoja anashushwa kwa machela kutoka Barafu, atafika kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Beba mablanketi. Ukifika nipigie."

Jambo hili limenifanya nimkumbuke sana bibi yangu mzaa baba. Jioni akishaipua chungu alikuwa anatusimulia habari ya Kibo na Mawenzi, vilele vya mlima wetu. Wengi mnaijua. Kwa jinsi bibi alivyoisimulia, moto wa Mawenzi ulizimika, akaenda kwa nduguye Kibo kuomba kaa. Akamkuta anatwanga ndizi kavu. Kibo akampa kaa la moto na ndizi za kula njiani. Mawenzi akazionja, akazipenda, alipofika kwenye kona akalizima kaa kwa makusudi, akarudi kuomba tena. Akapewa tena. Mara ya tatu Kibo akakasirika, akamrukia na mchi wa kutwangia, akampiga, akampiga. Ndiyo maana Mawenzi mpaka leo ana meno-meno na Kibo ana kichwa laini.

Wageni niliowapandisha kwa Marangu tulikuwa tukifika kwenye lile tambarare kati ya vilele viwili, namwambia mtu kwamba Mawenzi ni mita 5,149, anaitikia kwa kichwa na kusahau papo hapo. Nikimwambia habari ya kaa na mchi, anasimama, anaugeukia mlima, anautazama upya. Nimepata barua za wageni miaka mitatu baadaye wananiuliza habari za "yule ndugu aliyepigwa".

Ila kilichonishika zaidi kwa bibi ni ule mwanzo. Alikuwa anasema "Paukwa", na sisi tunaitikia "Pakawa". Tusipoitikia, haanzi. Akifika katikati akaona mmoja anasinzia, anarudi: "Paukwa!" Akisikia "Pakawa" hafifu anajua ametupoteza, anarudi nyuma hatua moja na kueleza upya nani alikuwa wapi. Mtoto akiuliza "Bibi, saa hiyo kaa lilikuwa mkononi au kwenye jani?" anajibiwa, kisha hadithi inaendelea.

Karatasi haiitikii. Meseji haiitikii. Barua ya kuomba kazi uliyoiacha kwenye meza ya mtu haina wa kusema "Pakawa", na wewe uliyeiandika huoni uso wa aliyesinzia. Kwa hiyo ni juu yako kuitikia kwa niaba yake wakati unaandika. Kila sentensi ujiulize kama anayesoma bado yupo nawe, na anauliza nini sasa hivi.

Nimeleta hapa kwa sababu jana kijana mmoja aliyemaliza chuo ameniletea barua nimsomee. Ukurasa mzima. Nimeisoma mara mbili na sijajua anaomba kazi gani. Ni kijana mwenye akili sana, ukimsikiliza akieleza jambo kwa mdomo hutaki anyamaze. Akishika kalamu anageuka mtu mwingine. Ninyi mmeliona hili kwenye kazi zenu?


#2 Hesabu_Njiro

Mkuu, pole kwa yaliyowakuta, na uzi ni mzuri. Lakini nakupinga kidogo. Mimi ni mhasibu, Arusha. Ofisini hawataki hadithi. Meneja anataka namba, na anataka kwa kifupi. Nikianza kumsimulia habari za mchi na kaa la moto ataniuliza kama niko sawa. Kusimulia ni kwa ajili ya wageni na watoto, kwenye kazi ni takwimu.


#3 MgumuWaPasua

@Hesabu_Njiro nakuelewa mkuu, na namba naziheshimu. Ngoja nikupe namba zangu.

Kisheria mgumu anabeba mwisho kilo 20, na mzigo unapimwa kwenye mizani. Wakati wa masika niliomba bajeti ya wagumu wawili zaidi kwa kila kundi. Mara ya kwanza niliandika "gharama za wagumu zimeongezeka kutokana na hali ya hewa", nikaweka jumla chini. Ikakatwa. Mara ya pili nikaweka jedwali zuri lenye rangi. Ikakatwa.

Mara ya tatu nikaandika habari ya hema moja. Hema lile liliondoka getini likiwa kavu, mizani inasoma kilo 9. Likalala kwenye mvua kambi ya kwanza, likakunjwa limelowa asubuhi kwa sababu kundi lilitakiwa kuondoka. Kwenye mizani ya kambi iliyofuata likasoma kilo 12. Mgumu aliyelibeba alikuwa ameanza safari na kilo 20 kamili, sasa ana 23, na hajaongezewa hata kijiko. Nikamalizia: tuna mahema manane, kilo tatu-tatu, hizo ni kilo 24, ni zaidi ya mzigo wa mtu mzima mmoja ambaye hatujamwajiri.

Mkurugenzi alisaini siku hiyohiyo. Zile namba zilikuwepo tangu mwanzo, kwenye jedwali zilikuwa zimelala tu. Zilipomfuata mtu mmoja na hema moja zikaanza kutembea.

Kwa hiyo simaanishi uanze ripoti kwa Paukwa. Namaanisha meneja wako naye ana swali kila anapofika mwisho wa mstari, na mara nyingi swali lenyewe ni "imekuwaje?" Hilo huwezi kulijibu kwa jumla.


#4 Hesabu_Njiro

Habari ya hema nimeielewa. Nina ripoti ya mafuta ya magari hapa inanirudia mwezi wa pili sasa. Ngoja nichukue gari moja nilifuate safari moja, kutoka hapa hadi Seronera kule Serengeti na kurudi, nione.


#5 NesiWaZamu

Asante mleta uzi. Mimi ni muuguzi, Arusha, hospitali siitaji.

Kuna sentensi moja naichukia na niliiandika mwenyewe miaka mingi: "Mgonjwa anaendelea vizuri." Ukipokea zamu ya usiku wodi ina vitanda vimejaa, unafungua daftari la makabidhiano, mstari baada ya mstari anaendelea vizuri, anaendelea vizuri. Aliyeandika alichoka, anataka kuwahi daladala, na kweli alipomwona mara ya mwisho mgonjwa alikuwa anaongea. Lakini mimi nitakayekuwa naye saa nane usiku sijui "vizuri" ilipimwa saa ngapi na kwa kipimo gani.

Usiku mmoja nilipokea hivyo mama aliyejifungua kwa upasuaji mchana. Anaendelea vizuri. Nilipita kitandani kwake mwisho, kwa sababu daftari lilinituliza. Nikakuta mfuko wa mkojo una kidogo sana, wa rangi ya chai. Nikamuuliza ndugu yake, akasema "toka jioni upo hivyohivyo, dada". Daktari akaitwa, tukahangaika naye, Mungu akasaidia. Yule mwenzangu wa mchana alikuwa ameuona ule mfuko. Aliuona kwa macho yake, hakuuandika, akaandika maoni yake badala ya alichokiona.

Toka siku hiyo mimi naandika nilichokiona na saa niliyokiona. "Saa 12 jioni: mkojo ml 40 tangu saa 8, mapigo 112, anasema ana kiu, daktari ameambiwa saa 12 na robo." Mistari miwili. Haichukui muda kuliko "anaendelea vizuri" na maua yake. Wanafunzi wanaokuja mafunzoni nawaambia: nipe macho yako, hukumu nitaitoa mwenyewe nikifika kitandani.

Hili la Pakawa nalibeba, kesho nawasimulia.


#6 MgumuWaPasua

@NesiWaZamu dada, hiyo ya kuandika maoni badala ya ulichokiona umenigusa penyewe. Na mimi "hali mbaya" yangu ilikuwa maoni.


#7 Mzee wa Sakina

Wanangu, marahaba kwa walionisalimu. Mimi naandika polepole kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Nataka kuwakumbusha mambo mawili yaliyotokea hapahapa Arusha, maana nyie vijana mnapita pale kila siku bila kuyafikiria.

La kwanza ni Azimio la Arusha. Lilipitishwa na TANU hapa mjini mwishoni mwa Januari 1967, likatangazwa Februari 5. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Baba yangu alisoma madarasa machache tu, alikuwa fundi seremala. Lakini niliyemwona akibishana na wenzake juu ya Azimio hakuwa mtu wa kuelezwa na wasomi. Alikuwa anajua linasema nini. Sikilizeni lilivyoandikwa sehemu ya miiko ya viongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba za kupangisha. Hayo ni maneno ya fundi seremala. Baba aliweza kumtazama mkubwa wa mtaa wetu, akaitazama nyumba yake ya pili yenye mpangaji, akasema huyu amekiuka. Ingeandikwa kwamba "viongozi wazingatie maadili mema na uadilifu katika nyanja zote", baba angemkamata nani kwa sentensi hiyo? Mnaweza kulikubali Azimio au kulikataa, na watu wazima wenye akili wamelikataa, lakini walijua wanakataa nini.

Jambo la pili ni zito zaidi. Pale AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, palikuwa na mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliianzisha Novemba 1994, ikafungwa mwisho wa mwaka 2015. Kesi ya kwanza kufika kwenye hukumu ilikuwa ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa komuni ya Taba. Hati ya mashtaka yake mwanzoni haikuwa na shtaka la ubakaji hata moja.  Mwaka 1997 wanawake mashahidi wakapanda kizimbani, wakaanza kusimulia yaliyowapata wao na binti zao, kwa Kinyarwanda, wakalimani wakitafsiri. Waliulizwa la mauaji, wakasimulia yote waliyoyaona. Majaji wakawauliza zaidi. Mwezi Juni mwaka huo hati ya mashtaka ikabadilishwa, na ubakaji ukaongezwa. Septemba 2, 1998 Akayesu akatiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari, na mahakama ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Ilikuwa mara ya kwanza duniani mahakama ya kimataifa kusema hivyo.

Mimi nilikuwa nafanya kazi jirani na pale, siku nyingine napita nawaza. Mwanamke mkulima, ambaye labda hajawahi kuandika barua rasmi maishani mwake, alisema aliona nini, wapi, nani alikuwa amesimama mlangoni. Na kwa sababu alisema hivyo, sheria ya dunia nzima ilisogea.


#8 MgumuWaPasua

Mzee wangu, shikamoo. Nimekaa kimya dakika kadhaa baada ya kusoma. Nimepita AICC mara ngapi nikienda kuchukua wageni, na hilo sikulijua. Umesema neno hapo ambalo nataka vijana waliokote: "nani alikuwa amesimama mlangoni".


#9 Tichaa_UsaRiver

Nafundisha sekondari. Kosa kubwa liko kwetu walimu, naomba nikiri.

Tunamfundisha mtoto insha kwa kumpa mapambo kwanza. Aanze na "Waswahili wanasema", aweke methali tatu, aweke tashbiha, amalizie na shukrani. Anapata alama nzuri. Nimesahihisha insha 80 za "Safari niliyoifurahia" na katika zote 80 jua lilichomoza kwa madaha na ndege waliimba nyimbo nzuri. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kiti cha basi kilikuwaje. Nilipowauliza kwa mdomo, binti mmoja akasema alisafiri amempakata kuku wa shangazi tangu Babati, kuku akataga njiani, konda akadai nauli ya yai. Darasa lilianguka kwa kicheko. Nikamwambia kaandike hiyo. Akaniuliza, "Mwalimu, inaruhusiwa?"

Lile swali linaniuma mpaka leo.

Juu ya hilo kuna lugha. Shule ya msingi anasoma kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza karibu kila somo ni kwa Kiingereza. Alichokuwa anakieleza vizuri anaanza kukikariri, kwa sababu maneno ya kukieleza hana. Kukariri kunageuka tabia, na anapotoka chuo, hata ukimpa nafasi ya kuandika kwa Kiswahili, anaandika kama anayekariri. Yule kijana wako wa barua ya kazi ni mwanafunzi wetu huyo.


#10 Kijana_Soweto

Naomba niulize kwa heshima, wakubwa. Mbona matapeli ndio wanaosimulia vizuri kuliko wote? Mjomba wangu alitapeliwa kiwanja kule njia ya kwenda Himo. Aliyemtapeli alikuwa na hadithi tamu, ana mama mgonjwa, ana mdogo wake anasubiri ada, machozi yapo. Mtu mkweli mwenye hati halali alikuwa hajui kujieleza, mjomba akamwona mjeuri. Sasa tukiwafundisha watu kusimulia si tunawanoa matapeli?


#11 MgumuWaPasua

@Kijana_Soweto swali lako ni la haki, mdogo wangu, na pole kwa mjomba.

Na sisi kwenye utalii tunao hao, wanaowakamata wageni stendi na kuwauzia safari isiyokuwepo. Nimewasikiliza sana. Hadithi ya tapeli ina machozi mengi na mahali pachache. Mama anaumwa: hospitali gani, wodi gani? Mdogo anasubiri ada: shule gani, kidato cha ngapi? Ukimuuliza maswali ya bibi yangu, kaa lilikuwa mkononi au kwenye jani, ama anakasirika ama anakuongezea machozi. Msikilizaji aliyezoea kuambiwa habari kamili anausikia ule upungufu kama unavyosikia sufuria lililopasuka ukiligonga.

Na hilo la mtu mkweli ndilo linaloniuma zaidi. Alikuwa na hati halali mkononi na hakuweza kusema. Huyo naye alihitaji mtu wa kumfundisha, na angefundishwa mjomba angekuwa na kiwanja leo.


#12 Tichaa_UsaRiver

Naunga mkono. Na mjomba naye angefundishwa kuuliza.


#13 Binti_Majengo

Shikamooni wote. Mleta uzi, kaka, naomba msaada wa kweli. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha akina mama, na nimepewa jukumu la kumwandikia mtendaji wa kata. Hii ni mara ya tatu tunaandika, hatujajibiwa. Naiweka hapa, jina la mtaa nimelitoa:

"YAH: MAOMBI YA KUSHUGHULIKIWA KWA CHANGAMOTO YA MIUNDOMBINU. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wananchi wa mtaa tajwa tunayo heshima kubwa kuwasilisha kwako changamoto mbalimbali za miundombinu ambazo zimekuwa zikitukabili kwa muda mrefu sasa, hali inayopelekea usumbufu mkubwa kwa wananchi hususan makundi maalumu. Hivyo basi tunaomba ofisi yako iweze kulichukulia suala hili kwa uzito unaostahili. Tunatanguliza shukrani zetu za dhati."


#14 MgumuWaPasua

@Binti_Majengo dada, barua ina heshima na Kiswahili chake ni safi. Sasa mimi ni mtendaji, nimeketi mezani, nina barua kumi kama hii. Nakuuliza, unijibu hapahapa kama tunaongea kwa mama ntilie. Usipambe.

Nini kimeharibika? Kiko wapi? Kimeharibika lini? Nani ameumia? Unataka mimi nifanye nini, na kabla ya lini?


#15 Binti_Majengo

Kalavati la njia ya kwenda shule ya msingi limekatika. Ni pale nyuma ya mashine ya kusaga. Limekatika kwenye mvua za hivi karibuni. Watoto wanapita juu ya nguzo mbili za mkaratusi zilizolazwa na vijana. Wiki iliyopita mama mmoja muuza ndizi aliteleza na beseni lake, akavunjika mkono. Watoto wadogo wa chekechea wazazi wanawavusha mgongoni. Tunataka aje aone, na aombe fundi wa halmashauri kabla mvua kubwa hazijaanza tena. Sisi mawe na mchanga tunavyo, tumeshachanga, tunakosa saruji na fundi.


#16 NesiWaZamu

Dada, mbona barua umeshaiandika?


#17 MgumuWaPasua

Kabisa. Na hilo la mawe na mchanga kwa nini halikuwemo kwenye barua zote tatu? Hilo ndilo mtendaji angelishika kwanza, maana linampunguzia mzigo.

Nimeyapanga tu maneno yako, langu ni lile la "wiki hii" na mstari wa mwisho:

"YAH: KALAVATI LILILOKATIKA KWENYE NJIA YA SHULE YA MSINGI. Kalavati lililo nyuma ya mashine ya kusaga, kwenye njia ya kwenda shule ya msingi, lilikatika kwenye mvua za hivi karibuni. Watoto wanavuka juu ya nguzo mbili za mkaratusi. Wa chekechea wanabebwa mgongoni na wazazi wao. Wiki iliyopita mama mmoja anayeuza ndizi aliteleza hapo na kuvunjika mkono. Wananchi tumeshachanga mawe na mchanga. Tunaomba mambo mawili: ufike kuona kalavati hilo wiki hii, na utuombee saruji na fundi kutoka halmashauri kabla mvua kubwa hazijaanza. Katibu wa kikundi atakusubiri siku na saa utakayotaja."

Kisha jina lako, namba ya simu, sahihi. Usiondoe salamu za kiofisi kama wazee wa kikundi wanazitaka, weka mstari mmoja juu. Halafu kabla ya kupeleka, msomee kwa sauti mtu ambaye hajawahi kufika pale. Akiweza kukuelekeza kalavati lilipo, peleka.


#18 Mzee wa Sakina

Mwanangu, "mvua za hivi karibuni" ni lini? Mtendaji ataweka barua kwenye faili, ataisoma mwezi wa sita.


#19 MgumuWaPasua

Mzee, umenikamata palepale kwenye geti. Dada, weka tarehe hapo. Na "wiki iliyopita" pia.


#20 Binti_Majengo

Kalavati ilikuwa usiku wa tarehe 14 Aprili. Mama aliteleza tarehe 22, Jumatano asubuhi. Nimeweka zote mbili. Nimemsomea shemeji yangu aliyekuja kutoka Tanga juzi, hajawahi kutoka nje ya nyumba yetu zaidi ya dukani. Amesema, "Nyuma ya mashine ya kusaga, si ile inayopiga kelele asubuhi? Nitafika." Naipeleka kesho saa mbili, nitasubiri anigongee muhuri kwenye nakala.